Je, Wajua? Geli Inayokunywa na Kunywea

Je, wajua kuwa ipo geli ambayo ukiitia kwenye maji baridi inavimba hadi inang'aa kama kioo, kisha ukiipasha moto kidogo tu, ikafika nyuzi 32 za Selsiasi, inayatema maji yake karibu yote na kusinyaa, nyeupe kama maziwa? Ipoze, inavimba tena. Ipashe, inasinyaa tena. Jina lake kamili ni poli-N-isopropili-akrilamaidi. Maabarani huitwa PNIPAM, nasi tutaiita hivyo hivyo.

Kiswahili kiliyaweka karibu maneno mawili yanayotosha kuieleza: kunywa na kunywea. Penye baridi geli hii hunywa. Penye joto hunywea.

Je, wajua kuwa hizo nyuzi 32 zinapita katikati ya ramani yetu ya Kenya? Mji wa Machakos umekaa juu, takriban mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hata jua la Februari likiwaka, joto la kivulini mara chache hufika 30. Geli hii ukiiweka ndani ya bakuli la maji juu ya meza hapa Machakos, itabaki imevimba karibu mwaka mzima. Ipeleke Mombasa mwezi wa Machi, ambako mchana hufika 32 au 33, nayo itaanza kujikunja bila mtu kuigusa. Tena huhitaji nauli ya basi kuliona hilo. Itie kwenye kichupa, ukibane kichupa kwapani, na joto la mwili wako litaifanya kazi hiyo.

Je, wajua kuwa tabia hiyo ni kinyume cha karibu kila tulichozoea jikoni? Sukari huyeyuka upesi ndani ya chai ya moto na kubaki chini ya kikombe chai ikipoa. PNIPAM hukubali maji yakiwa baridi na kuyakataa yakipata moto.

Sababu yake inastahili kuelezwa polepole. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana, maelfu kwa maelfu. Kila pete ya mnyororo wa PNIPAM ina sehemu mbili: moja inayashika maji vizuri, na nyingine ni kitawi kidogo chenye tabia ya mafuta. Maji hayashikani na mafuta, kwa hiyo yakikizunguka kitawi hicho hulazimika kujipanga kwa utaratibu. Fikiria foleni ya mitungi ya manjano kwenye kioski cha maji saa kumi na moja alfajiri. Kungali na baridi, watu wametulia, kila mtungi uko nyuma ya mwenzake. Jua likipanda watu wanaanza kusogea huku na huku, na foleni inavunjika. Joto ndilo mtikisiko wa molekuli. Likipita 32, molekuli za maji zinaiacha foleni na kwenda zake, vile vitawi vya mafuta vinabaki wazi, na vikibaki wazi vinakimbiliana. Mnyororo uliokuwa umetandaa unajikunja kama donge la uzi. Minyororo hiyo ikiwa imefungwa pamoja kama wavu, na geli si kitu kingine ila wavu uliojaa maji, basi wavu mzima unajikaza na kuyakamua maji nje.

Haya yote hutukia ndani ya nyuzi moja au mbili tu. Chini kidogo imevimba, juu kidogo imekwisha.

Je, wajua kuwa chumvi huiharakisha? Tia chumvi ya mezani kwenye maji yale na geli itanywea kabla ya kufika 32. Wakemia nao huweza kuzisogeza nyuzi hizo juu au chini kwa kuchanganya molekuli nyingine ndani ya mnyororo.

Je, wajua ni nani walioieleza tabia hiyo mapema? Heskins na Guillet, wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, waliandika mwaka 1968 jinsi PNIPAM inavyojitenga na maji ikipashwa moto. Miaka 10 baadaye, mwaka 1978, Mjapani Toyoichi Tanaka, aliyekuwa akifanya kazi MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba geli inaweza kuporomoka ghafla badala ya kupungua kidogo kidogo. Kuna geli alizozichunguza ambazo ujazo wake ulibadilika hata mara 1,000. Tanaka alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 54, na karibu kila anayeshika geli ya namna hii leo anapita kwenye njia aliyoifyeka.

Ni yeye na mwenzake Fillmore waliotoa, mwaka 1979, kanuni iliyo rahisi kukumbuka: geli ikiwa nyembamba mara 10, hufura na kunywea haraka mara 100. Donge la sentimita moja linaweza kuchukua siku. Chembe isiyoonekana kwa macho huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Je, wajua kuwa wewe mwenyewe umebeba polima yenye tabia kama hii? Elastini, protini inayoiwezesha ngozi na mishipa mikubwa ya damu kunyooka na kurudi, imejengwa na molekuli ambazo kwenye maji baridi hutawanyika na kwenye joto la mwili hukusanyika. Mwili hutumia joto lake wenyewe kuzikutanisha kabla ya kuzifuma.

Sasa tutoke maabara tuingie Ukambani, kwa sababu polima zinazokunywa na kunywea zilikuwa hapa kabla ya wakemia.

Je, wajua kwa nini mpiga ngoma huisogeza ngoma yake kwenye moto? Ngozi iliyowambwa ni kolajeni, polima ya protini inayopenda maji mno. Usiku ukiingia na unyevu, ngozi inakunywa ule unyevu wa hewani, inalegea, na mlio unakuwa mzito, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Nimesimama karibu na moto wa namna hiyo. Mpigaji alikuwa akiizungusha ngoma taratibu, kiganja kikipapasa ngozi, kidole kikigonga ukingoni kusikiliza, kisha anaizungusha tena. Hakuna aliyempa kipimajoto. Maji yanatoka, nyuzi za kolajeni zinakaribiana, ngozi inakaza na sauti inapanda. Ngoma za Kilumi, zilizopigwa katika matambiko ya Wakamba, ya kuomba mvua yakiwemo, zilitegemea ustadi huo wa kuyaondoa maji kwenye ngozi ili kuyaita maji kutoka mbinguni.

Lakini mpigaji anajua pia kwamba hawezi kuipasha kupita kiasi. Ngozi mbichi yenye maji ikifika karibu nyuzi 60 hadi 65, kolajeni yake hujikunja ghafla na hairudi tena. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na PNIPAM, ambayo husamehe.

Je, wajua kuwa mabadiliko hayo hayo ndiyo yanayofanyika kwenye jiko la nyama choma? Mbavu zikipata moto, kolajeni na protini za msuli hujikaza na kuyasukuma maji nje. Ile michirizi inayodondoka kwenye makaa na kutoa moshi si mafuta peke yake, mengi ni maji. Nyama hupoteza robo ya uzito wake au zaidi. Ukiagiza kilo moja iliyopimwa mbichi, usimlaumu mchomaji kwa udogo wa sinia.

Na supu ya miguu je? Hapo kolajeni imepikwa kwa saa nyingi hadi ikafumuka na kuwa jelatini. Jelatini nayo ina nyuzi zake, ila inageuka upande mwingine: ikipoa inashikana kuwa geli, ikipata moto inayeyuka. Acha sufuria ya supu jikoni usiku mmoja wa Julai hapa Machakos, baridi ikishuka kuelekea nyuzi 12 au 13. Asubuhi utaikuta imeganda, inatikisika. Weka kijiko chake kimoja ulimini nayo itayeyuka, maana kinywa chako kina joto kuliko inavyoweza kuvumilia.

Je, wajua kuwa mji mdogo wa Wamunyu, katika kaunti hii ya Machakos, umejipatia jina duniani kwa kupambana na polima inayovimba na kunywea? Polima hiyo ni selulosi iliyo ndani ya mbao. Mutisya Munge, mwana wa Wamunyu, alirudi nyumbani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga aliouona kwa wachongaji wa Tanganyika, na kutoka kwake kazi ikaenea hadi ikawa riziki ya maelfu ya familia. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika kule Changamwe. Mpingo, muhugu, na siku hizi mwarobaini na jakaranda, yote hupita kwenye tezo zao.

Gogo bichi limejaa maji. Sehemu ya maji hayo imo katika matundu ya mbao, na hayo yakitoka, mbao haibadiliki umbo. Yaliyobaki yamo ndani ya kuta za selulosi zenyewe. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa mbao kavu, maji hayo ya ndani ndiyo yanayoanza kutoka, na mbao inaanza kunywea. Tena hainywei sawasawa. Kwa urefu wa shina hupungua kidogo mno, sehemu ndogo ya asilimia moja. Kufuata duara la pete za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kwenda ganda. Upande mmoja unavuta kuliko mwingine, na kinachotokea unakijua: ufa unaopasua gogo kutoka nje kuelekea kiini. Mchongaji mzoefu huliweka gogo kivulini, hulifunika, halianiki juani, ili nje isikauke na kujikaza wakati ndani kungali na maji. Anapoona ncha ya gogo imeanza kuonyesha nywele za nyufa, anajua saa ngapi zimebaki.

Kisha twiga yule aliyepigwa msasa na kusuguliwa kiwi ananunuliwa na kupelekwa Ulaya. Majira ya baridi, nyumba za kule hupashwa joto na hewa ya ndani hukauka kuliko hewa ya Wamunyu ilivyowahi kukauka. Shingo inapasuka sebuleni, mwenye nyumba anadhani aliuziwa kazi mbovu. Haikuwa mbovu. Selulosi ilikuwa inatafuta kulingana na hewa mpya.

Je, wajua kuwa si kila kinachovimba ni polima? Ule udongo mweusi wa tambarare za Athi, kuanzia Syokimau na Mlolongo hadi Athi River, ambao mafundi huuita bleki kotoni, una madini ya udongo yaitwayo montimorilonaiti, yenye vibapa vyembamba vilivyolala kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya kurasa na kuzisukuma. Mvua ya Aprili inauvimbisha, kiangazi kinaupasua hadi mkono unaingia kwenye ufa. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupasuka ukutani kwa mshazari, kutoka kona ya dirisha. Ukiuona ufa huo, usitafute kosa kwenye saruji kabla hujauliza msingi ulifika wapi.

Saruji yenyewe ina kisa chake. Athi River ni kitovu cha viwanda vya saruji nchini, na ile gundi ya vigae inayouzwa kwa mifuko, ambayo msingi wake ni saruji hiyo, mara nyingi huwa na kiasi kidogo cha selulosi iliyobadilishwa kikemia. Kazi yake ni kuyashikilia maji ili saruji ipate muda wa kuyanywa kabla ya kigae kuyafyonza. Selulosi ya aina hiyo ni ndugu wa PNIPAM kwa tabia: huyeyuka kwenye maji baridi, na ikipata joto kali, kuanzia kama nyuzi 50 au 60 kutegemea aina yake, hujitenga na kuwa geli. Jaribu kuukoroga unga wake kwenye maji ya moto na hautayeyuka hadi maji yapoe.

Je, wajua kuwa maji hapa Machakos huchemka kabla ya kufika nyuzi 100? Kwa mwinuko wetu ni karibu 95. Ndiyo maana vyakula vya mahindi na maharagwe kama isyo na muthokoi hukaa jikoni muda mrefu kuliko vingekaa Malindi, na maharagwe yasiyolowekwa usiku kucha yanamaliza makaa. Ugali haujali sana. Chembe za wanga wa mahindi hunywa maji na kufura kati ya nyuzi 62 na 72 hivi, hata zikapasuka na kushikana, na huko tunafika bila shida. Wanga ukishafura hivyo haurudi nyuma kuwa unga. Ukilala, minyororo yake hujipanga upya na kubana, na ndiyo sababu kiporo cha ugali ni kigumu asubuhi.

Wanga huo huo ndio uliozaa kitu kilicho karibu na kila mzazi. Watafiti wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, jimbo la Illinois, waliuunganisha wanga wa mahindi na polima nyingine, na kufikia miaka ya 1970 walikuwa na unga unaoweza kunywa maji mamia ya mara kuliko uzito wake. Nepi za kutupa za leo hutumia binamu yake, poliakrilati ya sodiamu.

Ukitaka kuiona, chana nepi mpya juu ya karatasi, ukung'ute pamba yake. Zitaanguka chembe nyeupe kama sukari. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi, mimina maji ya mvua, uhesabu hadi 60. Pinduza glasi: hakitoki kitu. Sasa nyunyiza chumvi kidogo, ukoroge. Geli inalegea, maji yanaachiliwa, na unapata uji mwembamba. Hii haisikii joto sana kama PNIPAM, inasikia chumvi. Kwa hiyo nepi inayoweza kubeba maji safi mara 300 ya uzito wa chembe zake hubeba mkojo mara 30 hadi 50 tu, maana mkojo una chumvi.

Jambo hilo linamhusu mkulima wa Mwala na Masinga kuliko anavyoweza kudhani. Geli za jamaa hii huuzwa kwa ajili ya mashimo ya miche: unachanganya na udongo, zinakunywa mvua, zinaitoa polepole mizizi ikiivuta. Zinafanya kazi, hasa kwenye udongo wa kichanga. Lakini maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na ukimwagilia mche wa mwembe kwa maji hayo, geli uliyoilipia bei ya maji safi itakupa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Afadhali ivimbe kwa maji ya mvua. Na haiwezi kunywa mvua iliyokwisha kutiririka mtoni. Matuta ya fanya juu, ambayo jina lake la Kiswahili limeingia bila kubadilishwa katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza, na ambayo miteremko ya Machakos imejaa kazi yake, ndiyo yanayoyazuia maji kwanza. Geli ije baadaye.

Onyo moja nalitoa kwa moyo wote. Zile shanga za maji za rangi rangi, ndogo kama mbegu zikiwa kavu, zinazovimba kuwa gololi, ni jamaa ya geli hizi. Mtoto akimeza moja kavu, itaendelea kunywa maji ndani ya utumbo na inaweza kuuziba. Mara nyingi eksirei haiioni. Ziondoe mahali watoto wanapofika, na mtoto akimeza, mpeleke hospitalini mara moja ukiwa na pakiti mkononi.

Je, wajua kuwa lenzi laini za macho ni geli yenye maji? Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza nyumbani wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunda kutokana na vifaa vya watoto vya kujengea na dainamo ya baiskeli.

Jicho limenufaika na PNIPAM pia, na kisa hiki ni kizuri mno. Seli za mwili zikikuzwa kwenye sahani ya maabara hushikilia chini, na zamani ilikuwa lazima zing'olewe kwa dawa inayokata viungo vyao. Teruo Okano na wenzake nchini Japani waliipaka sahani utando mwembamba wa PNIPAM. Kwenye nyuzi 37 utando umenywea, seli zinashika na kukua. Ipoze sahani hadi nyuzi 20, utando unakunywa maji, unainuka, na seli zote zinaachia kwa pamoja kama mkeka, zikiwa zimeshikana bila jeraha. Mwaka 2004 madaktari wa Osaka waliripoti kuwa walichukua seli za ndani ya mdomo wa wagonjwa wanne, wakazikuza hivyo, wakawatandikia juu ya jicho lililoharibika, bila hata kushona. Waliona tena vizuri kuliko awali.

Geli nyingine hutoka baharini. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, na wa Kibuyuni katika kaunti ya Kwale, hutoa karajini, geli inayoganda ikipoa na kuyeyuka ikipata moto, ambayo huenda umeitumia asubuhi hii kwenye dawa ya meno. Mwani mwingine, wa rangi ya kahawia na wa bahari za baridi zaidi, hutoa alijineti. Ishike akilini alijineti hiyo.

Kwa maana jambo lililonifanya niandike haya yote ni hili. Je, wajua kuwa PNIPAM inaweza kusafisha maji kwa jua tu? Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Princeton, wakiwamo Xiaohui Xu na Rodney Priestley, lilitangaza geli yenye tabaka tatu. Ndani ni PNIPAM. Juu yake kuna utando mweusi unaokusanya joto la jua. Nje kabisa kuna alijineti, inayozuia madini mazito na uchafu mwingine kupita. Waliizamisha kwenye ziwa lililo karibu na chuo kwa muda wa saa moja, ikanywa. Wakaitoa, wakaiweka juu ya chombo juani. Weusi ule ukaipasha hadi ikapita nyuzi 33, nayo ikanywea, na maji safi yakadondoka. Hakukuwa na umeme, pampu wala kuni.

Linganisha na hapa. Maji ya mabwawa yetu asubuhi hayafiki nyuzi 25, kwa hiyo geli ingekunywa shibe yake. Kitu cheusi kilichoachwa kwenye jua la Machakos saa nne asubuhi hupita 33 bila kujikaza. Na maji tuliyo nayo yanahitaji kusafishwa: mto Athi hupokea maji ya mto Nairobi na yote yaliyotupwa humo, kisha hushuka kwetu. Ukiniuliza ni wapi duniani geli hiyo ingefaa kujaribiwa, nitakuonyesha ukingo wa mto huo, na akina mama wenye punda na mitungi minne minne.

Wengine wanayatafuta maji hewani. Kundi la Guihua Yu, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mwaka 2019 lilitumia PNIPAM pamoja na polima yenye chumvi inayonasa unyevu. Mwaka 2022 likatoa utando wa bei nafuu uliotengenezwa kwa selulosi, unga wa kiazi cha konjaki na chumvi ya lithiamu. Kilo moja ya utando huo, kwa vipimo vya maabara, ingeweza kutoa zaidi ya lita 5 kwa siku kwenye hewa kavu ya asilimia 15 ya unyevu, na takriban lita 13 kwenye asilimia 30. Vifaa vyake waliviwekea gharama ya dola 2 kwa kilo. Hewa ya alfajiri kwenye milima ya Mua na Iveti, ukungu ukiwa bado umelala, ina unyevu mwingi kuliko huo.

Bado kuna kazi. PNIPAM haiozi upesi, na molekuli ndogo inayotumika kuitengeneza ni sumu, kwa hiyo chembe zisizoungana lazima zisafishwe kabisa kabla mtu hajanywa maji yaliyopita humo. Kutoka ziwa moja la Princeton hadi kijiji cha Yatta ni safari ndefu ya kupima, kutengeneza na kupunguza bei.

Tatizo walilokutana nalo kule Princeton lilikuwa lile lile la kanuni ya Tanaka: geli nene hunywa na kutema polepole. Kuifanya nyembamba mno si dawa, kwa sababu ingebeba maji machache. Kwa hiyo katika toleo lao la mwaka 2023 waliijaza matundu yaliyounganika, ili maji yawe na njia fupi ya kutokea popote yalipo, na kasi ikaongezeka sana. Muundo huo waliuiga kutoka kwa dodoki.